Mwano kwa Ajili ya Majani

Jumatatu, 2 Juni

Michembe tena. Viazi vitamu tangu alfajiri, kisu na ubao, vidole vyeusi kwa utomvu. Mayu, mama mkwe wangu, anakata vipande vyembamba kama karata huku akisinzia. Vyangu vinene kama sabuni. Nimejikata kidole gumba hadi nyama nyeupe ikaonekana. Damu imeingia kwenye viazi. Mayu ameviosha akavianika vilevile. Hapa hakitupwi kitu.

Shija alirudi na mzigo wa mabua ya pamba, ndiyo kuni zetu za kipupwe, akakiona kidole, akakitia mdomoni mwake. Mbele ya mama yake! Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitamani pia asikitoe.

Mume wangu. Naandika tena kwa raha tu. Mume wangu.

Kwetu Katoro tulinunua kila kitu cha siku hiyohiyo. Fungu la nyanya, mafuta ya kupima, mkaa wa kopo. Huku kipupwe kinaandaliwa kama vita. Kihenge kimejaa mtama, mdomo umezibwa kwa samadi. Choroko zimechanganywa na majivu ili wadudu wafe. Nsansa zimekauka, majani ya kunde ya kula miezi ambayo bustani itakuwa vumbi. Godoro letu nimelishona mwenyewe kwa viroba vya mbolea, nikajaza nyasi kavu. Linapiga kelele. Mayu analala chumba cha pili. Nacheka peke yangu.

Alhamisi, 5 Juni

Leo Shija amenionyesha ngitili.

Sikuwahi kuona kitu kama kile. Shamba la majani matupu, limezungushiwa matawi ya miiba tangu masika, halikanyagwi na mnyama yeyote. Nje ya miiba ardhi imeshaanza kukwanguka. Ndani majani yananifika kiunoni. Yatafunguliwa Agosti, ng'ombe wetu wale kipande kwa kipande mpaka mvua. Bila ngitili ng'ombe wanakonda, maziwa yanakata, maksai hawavuti jembe, unauza kwa bei ya ngozi.

Tulilala chali katikati. Akaniambia kwa nini ameilinda hivi. Kabla yangu alikuwa kwenye mashimo ya dhahabu Geita na kaka yake, Maduhu. Shimo likaanguka. Shija ndiye aliyemvuta kaka yake kwa miguu, na mguu mmoja ulikuja peke yake. Alisema hivyo akiangalia mawingu, sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza alivyopoteza kofia.

Kisha akasema, "Majani haya yakifika mvua, mashimoni sirudi."

Nilimng'ata bega. Sikujua la kufanya na mapenzi yale yote. Basi majani yale ndiyo mume wangu. Ndivyo nitakavyoyaona kuanzia leo.

Jumamosi, 14 Juni

Nimesikia mwano, ukelele wao wa hatari, kwa mara ya kwanza.

Sauti moja ya mtu kutoka ng'ambo ya kilima, ndefu, nyembamba, inapanda. Kisha nyingine karibu zaidi. Kisha jirani yetu. Shija alitupa jembe, akachukua panga na upinde, akakimbia bila kuniaga. Wanaume wote wa upande huu. Mayu amesema mwanamume anayesikia mwano akabaki nyumbani, hapewi moto wala maji na jirani yeyote. Alikuwa anafunga zizi.

Katoro ukipiga kelele za mwizi watu wanachungulia dirishani. Hapa dunia nzima inasimama na kukimbia kwa ajili yako! Nililia kwa uzuri wake.

Walirudi jioni na ng'ombe walioibwa. Mwizi hawakurudi naye. Nimefua shati la Shija kwa majivu, maji yakawa mekundu, nikamwaga, yakawa mekundu tena. Sikuuliza. Nikamwosha mgongo. Mgongo mzuri namna ile. Nimejishangaa kwamba sikuogopa.

Jumanne, 24 Juni

Baridi. Upepo unaingia mpaka kwenye meno. Naota moto wa mabua, yanawaka upesi na kufa upesi.

Vita lamboni leo. Lugata, jirani wa ng'ambo ya korongo, ana ng'ombe wengi kuliko sisi na hana ngitili. Yake aliilima dengu. Mbavu za ng'ombe wake unazihesabu ukiwa barabarani. Tulikuwa tunanywesha, yeye akawasukuma wake mbele ya wetu.

"Mpisheni bwana majani! Mchimba mashimo huyu hafugi ng'ombe, anafuga nyasi!"

Watu wakacheka. Shija naye hanyamazi.

"Afadhali nyasi zangu zimenona. Wako nikiwaangika juani naona upande wa pili."

Wakacheka zaidi. Lugata akampiga fimbo ya shingo. Shija akamrudishia ya mkono, nikasikia mlio kama kuni. Wakashikana, wakaanguka kwenye matope, wakang'atana kama mbwa. Watu wazima! Mama Holo, mkewe Lugata, alimwaga ndoo nzima ya maji juu yao ndipo wakaachiana.

Shingo ya Shija imevimba. Nimeikanda kwa maji ya chumvi. Nimemwambia mara ijayo apige yeye kwanza.

Alhamisi, 3 Julai

Lugata alikuja asubuhi. Amevaa kanzu safi, mkono umefungwa kitambaa. Alimwamkia Mayu shikamoo, akaketi kwenye kigoda, akaeleza. Ng'ombe mmoja ameanguka korongoni na hakuinuka. Wamemchuna akiwa bado anapumua, ili wasikose ngozi na nyama. Anaomba kona moja ya ngitili mpaka auze baadhi.

Shija alisema hapana. Hivyo tu. Lugata akanyanyuka, akashukuru, akaondoka. Hilo la kushukuru lilinikera.

Mayu alimgeukia mwanawe. "Mtu kaja na kanzu, wewe umemjibu kama unafukuza kuku."

Shija akasema tukimpa kona leo, kesho wote watakuja na kanzu.

Mimi niko upande wa Shija. Ningekuwa upande wake hata angesema jua ni kibuyu. Kona ile ni wiki nzima za mume wangu. Simpi mtu.

Jumatano, 9 Julai

Naandika yote kama yalivyotokea.

Nilikwenda kuokota kuni mchana. Shija alikuwa lamboni. Nikakuta miiba ya ngitili imevutwa pembeni, na ng'ombe wa Lugata ndani. Wote. Vichwa chini, wanang'oa, wanang'oa. Nilisikia sauti ya majani yakikatika. Nilisikia mashimo ya Geita.

Nikapiga kelele. Lugata alikuwa amesimama katikati yao na fimbo begani. Macho mekundu, hajalala. Hakukimbia.

"Nenda jikoni, bibi harusi. Ng'ombe hawajui harusi."

Nikapiga mwano.

Sikufikiri. Ulitoka wenyewe, mrefu, kama ule wa kilimani. Na ukapokelewa. Upande wa kushoto, upande wa shule, upande wa mto. Nilisimama nikitetemeka kwa furaha. Naandika ukweli. Furaha.

Na Lugata. Sitamsahau. Aliposikia sauti za wanaume alishusha fimbo begani, akaishika vizuri, akageuka kutazama nyuma yake. Alitaka kujua wezi wako wapi. Alichukua hatua mbili aende kusaidia.

Shija ndiye aliyefika kwanza. Alinisikia mimi, akaniona nimenyoosha kidole, akaona ng'ombe wanatawanyika. Alipiga kwa mpini wa shoka, goti. Lugata alianguka kwa upande. Mfupa ulitoka kwenye ngozi, mweupe, msafi, kama haukuwa wake. Wengine wakafika. Fimbo, mawe, miguu. Mmoja alirusha mshale ukampata ndama shingoni, akazunguka akilia mpaka akaanguka. Uso wa Lugata ulipasuka juu ya jicho. Alikuwa anasema jina lake. Anarudia jina lake na la baba yake, kila pigo.

Nami nilimpenda Shija kuliko siku zote. Nimeapa kuandika ukweli humu, basi ndio huo.

Kisha mtu mmoja akapiga ukelele, "Acheni! Ni Lugata huyu! Hawa ng'ombe ni wake!"

Wakaacha. Wanahema. Mzee wa sungusungu, kiongozi wa walinzi wa kijiji, alipangusa damu mkononi kwa majani yetu. Akauliza, "Kaibiwa nani?"

Akageukia ng'ombe, akauliza tena.

"Mwano umepigwa hapa. Ng'ombe wa nani wamechukuliwa? Nani kauawa?"

Watu wakanitazama. Nikasema majani. Wanakula majani yetu.

Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali. Mmoja mmoja walianza kuweka silaha chini, kana kwamba zimekuwa moto.

Alhamisi, 10 Julai

Sasa najua kila mtoto wa hapa anachokijua. Mwano ni kwa ng'ombe aliyeibwa na mtu aliyeuawa. Mifugo ikiingia shambani unapiga yowe la kawaida, wanakuja majirani wawili, mnatukanana, mnatoza faini. Hakuna aliyedhani mke wa Shija anahitaji kufundishwa. Ni kama kumfundisha mtu asitie mkono kwenye mafuta ya moto.

Mganga wa mifupa amemvuta Lugata mguu leo. Tumemsikia kutoka ng'ambo ya korongo. Shija alikuwa anakula. Akatoka nje akatapika. Akarudi, akajaribu tena, akatapika tena.

Mayu ameniosha miguu. Ilikuwa na damu ya jana. Sikuwa nimeona.

Jumapili, 13 Julai

Mkutano uwanja wa shule. Lugata ameletwa amebebwa juu ya kitanda cha kamba. Jicho moja limefumba. Uso wake ni wa mtu mwingine.

Sungusungu walisema makosa matatu. Lake, kuvunja ngitili. La kwao, kupiga bila kuuliza, na kila aliyepiga atatoa mbuzi. La nyumba yetu, mwano wa uongo. Niliposimama kusema sio uongo, mzee akaniambia kwa upole nikae.

Wakamuuliza Mama Holo anataka nini. Mwanamke mfupi, hajawahi kupaza sauti mbele yangu. Alisema, "Mguu uliovunjwa ndio uliokuwa unazunguka kutafuta malisho. Wamrudishie mguu."

Basi imeamuliwa. Ng'ombe wa Lugata watakula kwenye ngitili yetu mpaka atakapotembea. Wetu watafute vumbini.

Shija alisimama, akasema amekubali. Hakubisha hata kidogo! Kichwa kimeinama kama mtoto.

Njiani nilimpiga. Mimi. Ngumi kifuani, kofi, tena kofi, midomo yake ikatoka damu. Nilimwambia ameuza maisha yetu. Alisimama tu, mikono chini.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea. Mpaka mikono ikachoka. Kisha nikamshika shati nikalia hapohapo barabarani, na watu wakitoka mkutanoni wakatupita kwa kuzunguka mbali, wakipita kwenye miiba ili wasitukaribie.

Usiku aliniambia alipoupiga mguu ule alimwona Maduhu. Sio baadaye. Papo hapo, mpini ukiwa bado hewani. Na hakuweza kuurudisha.

Jumamosi, 19 Julai

Tumeuza maksai wote wawili. Mbavu zilishaanza kuonekana na mnunuzi aliziona pia. Mtamba mmoja amebaki na ng'ombe wa maziwa, nawalisha maganda ya viazi na mabua. Maziwa hayajai kikombe.

Michembe ipo. Nsansa ipo. Kihenge kimejaa. Tumejiandaa kwa kila kitu. Sina hamu ya kula hata kimoja.

Jumanne, 22 Julai

Shija ameondoka alfajiri kwa pikipiki. Geita.

Sikumzuia. Nilikuwa na maneno mengi na yote yalikuwa yangu. Nilimfungia michembe na karanga kwenye kitambaa, nikamvalisha sweta mbili, nikamshika uso mpaka dereva akapiga honi. Alisema mvua itafika hapa wakimaliza shimo kule. Sijui alimaanisha nini. Nadhani hata yeye hajui.

Nimelala katikati ya godoro. Limenyamaza kabisa.

Jumamosi, 2 Agosti

Baridi asubuhi, kisha jua jeupe. Nimefungua miiba ya ngitili, kama kila siku sasa. Kazi hii niliomba mwenyewe. Mayu alikubali bila kuuliza.

Mama Holo amewaleta ng'ombe. Siku zote hizi alikuwa anapita kana kwamba mimi ni nguzo ya mlango. Leo alisimama. Alikuwa na tandiko la magunia mgongoni, pua nyekundu kwa upepo.

"Mwangaluka," alisema. Salamu ya asubuhi tu.

"Mwangaluka, mama."

Akatazama upande wa chini, ambako ndama walikuwa wameshaingia. "Pale tufunge. Wanakanyaga kuliko wanavyokula. Kesho hakutakuwa na kitu."

Tukavuta matawi pamoja. Mwiba umenichoma kiganja, naye kifundo. Nikamuuliza mzee wake anaendeleaje. Akasema anakalia kigoda, anawagombeza kuku.

Majani yamebaki kama nusu. Nimesimama nao hadi jua likapanda, nikiwarudisha wale wanaopotea upande wa juu. Ngozi zao zimeanza kung'aa.

Simu ya Shija mchana haipatikani. Maana yake yuko chini. Jioni ikiita, yuko juu. Bado ni saa tisa.