Leso za Kupokea Wajumbe

Jumatatu, 3 Novemba

Oda nzuri leo. Bwana mmoja, Barnabas, mtu wa bara, mpole, shati limepigwa pasi hadi mikononi. Ni wa kamati ya mkutano wa Alhamisi — nchi jirani zinakutana hapa Mombasa kuzungumzia amani ya Kongo na kujenga upya palipoharibiwa na vita. Ataka leso ishirini, za kina mama watakaowapokea wajumbe mlangoni kwa nyimbo. Jina la leso, yale maneno yanayochapwa chini, kaniachia mimi, mradi liwe la kukaribisha. Asema mimi ndiye mjuzi. Nikafurahi. Mjinga mimi!

Jioni Mapendo, anayenipindia leso hapa dukani, akapigiwa simu. Siku zote hizi amekuwa akijiandaa. Wanawake wa soko la kwao Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, walimchagua awasemee mkutanoni. Wataka soko lao lijengwe, na njia iwe salama, wasivamiwe wakifuata dagaa. Kamati ilikubali. Leo wamegeuka: nafasi ya kusema hakuna. Ataongoza nyimbo.

Hakulia. Aliacha cherehani, akaniambia, "Mama Zakiya, miye sikukuja kuimba. Wamama ya soko walinituma niseme."

Nimekasirika.

Jumanne, 4 Novemba

Nimekwenda na Mapendo ofisini kwao. Barnabas alitupa chai na maneno matamu. Ratiba imejaa, asema, wasemaji ni mawaziri, na nyimbo nazo ni mchango mkubwa. Nikamuuliza hao mawaziri wauza dagaa soko gani. Akaangalia simu yake.

Sawa. Kipaza sauti sina. Leso ninazo!

Mwanamke wa hapa akiwa na lake la kumwambia jirani, hafungui mdomo. Hununua leso yenye jina linalofaa, akajifunga, akapita nayo mlangoni pa huyo jirani. Basi na mimi nikaenda moja kwa moja kwa Kamaludin, mpiga chapa wangu, nikampa jina: MWATUITA KUIMBA, KUSEMA MWATUNYIMA. Akalisoma mara mbili. Asema namtafutia kesi. Nikamwambia kesi aniletee mimi, duka liko Makadara pale pale, siendi popote.

Akapiga chapa.

Jumatano, 5 Novemba

Barnabas kaja kukagua. Akasifu rangi, akashika kitambaa, akasema safi sana, akaenda zake. Hakusoma jina! Hapa hata mtoto husoma jina kabla ya kuuliza bei. Sheikha, jirani yangu wa duka, alicheka hadi akakaa chini.

Purity, mmoja wa kina mama watakaoimba, alipita kuchukua yake. Huyo alisoma. Mumewe ameajiriwa bandarini, naye aogopa mume asije akaharibikiwa kazini. Akaikunja, akaitia mkobani. Hakusema atakuja wala hatakuja. Sikumlazimisha, lakini iliniuma.

Alhamisi, 6 Novemba

Naandika kwenye ngazi za ukumbi wa mkutano, huku ufukweni Mama Ngina.

Purity amekuja! Wote tumekuja, hata mimi na Sheikha tumejifunga zetu. Tumeimba vizuri, kwa moyo. Wajumbe wakashuka magarini, wakatabasamu, wakatupiga picha. Kisha Mapendo akageuka, nasi sote tukageuka, migongo kwao, tumejaa mlango mzima. Nyimbo zikakoma. Majina yakasomeka.

Hakuna aliyepita. Mama mmoja, mjumbe kutoka Kongo, akasoma kwa sauti, polepole, akawatafsiria wenzake kwa Kifaransa.

Barnabas akaja mbio. Ndipo na yeye aliposoma. "Zivueni hizo leso," akasema. "Sasa hivi."

Mbele za watu! Mwanamume kuwaamrisha wanawake wavue leso hadharani — hata madereva waliacha soga zao wakamgeukia. Akamwita Ngowa, askari wa mlangoni, atuondoe. Ngowa akaweka mikono nyuma.

"Bosi, hawa ni mama zangu. Simvui mtu leso mimi."

Hapo Barnabas akaelewa alichokisema. Uso ukamshuka. Karibu nimhurumie. Karibu tu.

Wajumbe wakaingia ndani kwa mlango wa jikoni, mawaziri wazima! Kamati wakashauriana, wakarudi na jibu. Mapendo anaruhusiwa kuingia, akae nyuma, asikilize. Leso aiache nje. Sheikha akasema akubali, kuingia ni kuingia. Purity akasema asikubali. Mimi nikamwambia aamue mwenyewe, soko ni la kwao, waliomtuma ni wenzake.

Mapendo akaifungua leso. Nikadhani amekubali kuiacha. Akaikung'uta, akaifunga upya, fundo gumu kuliko la kwanza, akapita mbele ya Barnabas bila kumtazama. Barnabas hakumgusa. Ngowa akamshikia mlango.

Namwona kupitia kioo. Wamemwonyesha kiti cha mwisho, karibu na ukuta. Amekipita. Sasa yuko mbele kabisa, kando ya meza kubwa. Amewapa mgongo, wasome. Mwenyekiti anagonga meza, anagonga tena. Yule mama wa Kongo amesimama pia.

Mapendo hajakaa. Nao hawajaanza.