Ombi la Chanjo Lililolala Kasongo

Kasongo, Alhamisi asubuhi

Kwako Yaya Kamaldine, kaka yangu mkubwa,

Amani ya Mungu iwe juu yako, juu ya wifi yangu Rehema na mutoto wetu Fadhili. Mama iko muzima, anauliza kila saa habari za kidonda cha mjukuu wake. Mimi siumwi.

Simu yako ya jana, mtandao uliporudi huko Salamabila, niliipokea nikiwa kazini. Ulisema mbwa alimuuma Fadhili siku ya Jumapili, na muuguzi Cécilia aliahidi kuagiza chanjo ya kichaa cha mbwa hapa kwenye depo yetu ya dawa, kisha hakuagiza. Ulisema umemwita mwongo mbele ya watu. Nilikujibu tu kwamba chanjo itakuja.

Unajua natunza serveri, mashine inayopokea barua pepe za vituo vya afya na kuzigawa. Inaonyesha namba tatu: mzigo wa dakika moja iliyopita, wa dakika tano na wa dakika kumi na tano. Jumamosi niliona zote zimefika tatu, nikaogopa itazimika. Nilidhani moja ndiyo mwisho wa nguvu yake, nikaipangia kwamba mzigo ukizidi moja, ipokee barua lakini isizigawe mpaka upungue. Haukupungua.

Jana, baada ya simu yako, nilimuuliza Antoine, fundi wa Kindu. Alinieleza kwamba namba hiyo ni hesabu ya kazi zinazofanywa pamoja na zinazongoja, na mashine yetu iko na prosesa nne, kama wafanyakazi wanne wanaofanya kazi kwa wakati mmoja. Hata ikionyesha nne inabeba bila shida.

“Mounira,” aliniambia, “mashine haikuchoka. Ni wewe uliyeizuia.”

Yaya, nilikuta barua ya Cécilia kwenye foleni. Aliiandika Jumapili ile ile, saa kumi jioni, akaomba chanjo kwa haraka. Hakudanganya. Ni mimi niliyeilaza siku tatu. Mkubwa wa depo nimemwambia leo.

Daktari wa hapa niliyemuuliza anasema hatujachelewa, maana Cécilia alikiosha kidonda kwa sabuni siku hiyo hiyo na mutoto hana dalili. Lakini tusipoteze hata saa moja. Dady, aliyekuletea barua hii kwa pikipiki, amebeba chanjo kwenye sanduku la barafu. Mpeleke Fadhili kituoni kwanza.

Kisha wale waliokusikia ukimtukana Cécilia, wasomee barua hii. Jina langu usilifiche.

Wifi Rehema msalimie, kama atapokea salamu zangu. Mungu amlinde mutoto.

Ni mimi mdogo wako,
Mounira