Mgambo wa Mama

Bariadi, Jumatano

Kosa ni la redio. Asubuhi imetangaza kwamba wanamgambo wenye itikadi kali, wale wanaochinja watu kwa jina la Uislamu, wamevamia tena kijiji huko Msumbiji. Kaka yangu Masanja ni mwanajeshi, na kambi yake iko mpakani, ng'ambo tu ya mto kutoka huko. Chai ikanishinda.

Mama akasonya. "Mgambo ni walewale. Juzi wamenimwagia ndoo ya nyanya sokoni."

Nikataka kumweleza kwamba hawa si wale mgambo wa halmashauri wanaofukuza wachuuzi, simu ikaita. Masanja. Mama akaipokea kwa spika.

"Mhola, mayu?" Masanja akamsalimu mama kwa Kisukuma: salama?

"Mhola duhu, salama tu, mwanangu." Wakaulizana mvua, pamba, ng'ombe mmoja mmoja, nami nimesimama pale natamani kumpokonya simu. Mwishowe Mama akamshauri, "Hao mgambo wakija usibishane nao. Beba nyanya zako ukimbie."

Kisha Masanja akacheka mpaka akakohoa. Kicheko hicho sijakisikia tangu apelekwe mpakani.

"Sawa, mayu. Nitabeba."

Nilipopewa simu nikazima spika, naye akaniambia neno moja tu: usimwambie.

Sijamwambia. Nyumba hii mtu mmoja mwenye hofu anatosha, yaani mimi, na hata huyo leo anacheka peke yake kwa ajili ya nyanya.