Uwanja Wetu Kwenye Ramani

Mdogo wangu,

Sisi wazima, mbuzi kazaa mapacha, na mlango wa jikoni bado haufungiki vizuri. Salamu ziishie hapo, maana leo umenifikisha shingoni.

Nani alikutuma uuweke uwanja wetu kwenye ramani ya simu, eti "pa kulala bure, wenyeji wakarimu"? Tangu hapo magari yale yenye vitanda ndani hayakauki. Wageni wana jiko, wana friji, wana hadi choo, ila maji ni ya kwetu. Juzi walimaliza tangi zima la mvua, kisha wakaosha magurudumu! Ndoo za mtoni nabeba mimi, na kiuno changu unakijua. Jirani naye hatusemeshi, kwa sababu uchafu wa choo chao waliumwaga kwenye mahindi yake.

Nikitaka kuwafukuza, mama ananitolea macho. Kila akisikia injini, anavaa nguo yake ya kutokea, anakimbilia getini na kuchungulia uso wa dereva. Halafu anasema "karibuni" kwa sauti ndogo, ananiagiza nibandike chai.

Jana nikamwambia nakuandikia uifute hiyo alama. Akanishika mkono.

"Usimwambie hivyo, mwanangu. Akiifuta, na yeye atapotea njia."

Haya, miaka yote hii umekaa huko kimya. Niambie basi nimjibu nini.

Dada yako, mwenye kiuno.