Pampu Ndiyo Iliyokataa, Si Wewe

Okoth mwanangu,

Ni mama. Naandika kwa hiki Kiswahili changu cha ngumbaru, ile shule ya watu wazima uliyonisukuma niende. Uliniambia, "Mama, hata kama ni kusoma jina la dawa tu." Sasa nimekaa karibu na kaburi lako na sijui nianzie wapi. Wacha nianzie kwa gari.

Malaria ilikupanda kichwani haraka, hukupata nafasi ya kumwambia mtu kitu. Wanaume wa nyumbani wakasema lazima ufike kwenu Pap Onditi uzikwe, kwa pikapu yako mwenyewe, ile ya kubeba samaki wadogo wa omena, si gari ya watu. Juma, rafiki yako wa gereji kule Obunga, akashika usukani. Ili jeneza liingie walitoa kila kitu nyuma: kamba, turubai, na ile jerikeni yako ya maji. Nani angejua? Ni wewe peke yako uliyejua kwamba wota pampu, ile ya kuzungusha maji ya injini, inavuja, na kwamba ukifika Ahero lazima usimame uongeze maji. Mimi nilikuwa nikikuona umefungua boneti nikadhani unaipumzisha tu.

Tulipita Ahero tukiimba. Mbele kidogo, kwa mashamba ya mpunga, mvuke ukafunika kioo chote, gari ikasimama. Juma akaruka chini. "Hii ni pampu," akasema. "Injini imekauka maji. Tungoje ipoe kabisa."

Baba yako mdogo Ogola akamwangalia kutoka juu mpaka chini. "Juma, wewe unajua gari. Mimi namjua huyu mtoto."

Akaenda nyuma akagonga jeneza lako na fimbo. "Okoth! Mbona unakataa kwenda kwenu? Kama ni mke amekukosea, tumesikia. Wacha hasira, twende."

Okoth baba, wanawake wote waligeuka wakamwangalia Akinyi mke wako. Alikuwa amebeba mtoto wenu mdogo mgongoni. Mke amefiwa, amesimama barabarani kwa jua, na watu wanamwangalia hivyo. Mimi nilikuwa nimelala juu ya jeneza nikilia, twende mwanangu, twende.

Ogola akaamuru maji ya mtaro yaletwe. Juma akapiga kelele, "Mzee, hapana, hiyo ni moto, itapasuka!" Wakamsukuma kando. Walipomwaga yale maji baridi kwa injini nikasikia chuma kinalia, tak! Kama chungu kimepasuka juu ya jiko.

"Mmesikia?" Ogola akasema. "Amejibu."

Halafu injini ikawaka. Hiyo ndiyo ilitumaliza. Ingekataa kabisa labda wangemsikiliza Juma. Lakini iliwaka, ikikohoa, ikinywa maji kila tukisimama, ikatufikisha mpaka kwa lango na ikafia hapo hapo. Watu wakashangilia kwamba umekubali kuja. Na kama umekubali baada ya mke kutajwa, basi ni kweli mke alikukosea. Hivyo ndivyo walivyohesabu.

Tulikuzika vizuri. Baada ya hapo Akinyi akipika, chakula kinabaki kwa sufuria. Akienda mtoni, wengine wanakumbuka kazi nyumbani. Nilikuwa nakula mimi, mbele yao, hata kama sina njaa. Nilikuwa namwambia, "Pakua tena, mama," na yeye ananiangalia tu.

Juma alirudi na wenzake, wakatoa injini, wakaipeleka Obunga. Nikaenda na mimi. Niliogopa kuiangalia, kama mtu anayefunuliwa maiti. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imepinda. Kwa bloki, ule mwili wenyewe wa injini, katikati ya silinda mbili, kulikuwa na ufa. Niliupitisha ukucha wangu ukaingia. Juma alijaribu kuuchomelea, kwa ajili yako, bila kuombwa. Walipoiwasha, oili ikatoka kama chai ya maziwa. Juma akafuta mikono, akasema, "Mama, maji yamepita ndani. Hii imekufa." Nilikaa chini pale kwa mafuta na nikakulilia mara ya pili.

Nikamwomba ile pampu. Nikaibeba kwa kikapu mpaka nyumbani, nikaiweka mbele ya Ogola na wazee. Mabawa yake yameliwa na kutu, katikati inacheza kama jino la mtoto. Nikasema, "Shemeji, hii ndiyo ilikataa. Mtoto wangu hakukataa, na mke wake hana kosa." Ogola akaichukua. Akaitikisa karibu na sikio. Nilifikiri ameona. Kisha akaniuliza, pole pole, kama anaongea na mgonjwa: "Na ni nani aliyeiharibu?"

Wazee wakageuza macho kwa mlango wa Akinyi, kama yeye ndiye aliyeiroga.

Akinyi alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, akasikia. Asubuhi alikuwa amefunga nguo za watoto kwa leso. Aliniaga vizuri. "Mama, wewe sina shida na wewe." Akaenda kwao Kisian. Nyumba yako imefungwa, Okoth. Kuku wanalala mlangoni.

Sitaki ufikirie tumekuacha ukalala na jina hilo, la mtu aliyekataa kwao. Ulikuwa unakuja nyumbani. Mimi nilikubeba tumboni, najua ukikataa kitu unakuwaje, na siku ile hukukataa.

Pumzika, baba. Udongo wa kwenu uwe mwepesi kwako.

Mimi kesho naenda Kisian. Ogola amesema mama mkwe halali usiku kwa wakwe zake, ni aibu, na ni kweli, hata mama yangu alinifundisha hivyo. Nikimwomba Akinyi arudi na akubali, tutarudi pamoja na nitakaa mlangoni kwake, anayetaka kumsema apite kwangu kwanza. Akikataa sitamlaumu. Nitaomba mkeka kwa mama yake, na nitalala huko huko na watoto wako.

Mama yako.