Sindano ya Kiwiko cha Bibi

Mjukuu wangu Bhoke,

Wewe ni mtoto wa baba mdogo, lakini kwa kuwa nimerithi jina la Bibi umezoea kuniita bibi. Basi pokea salamu za bibi wawili kutoka Nyansurura. Mvua imenyesha vizuri na ng'ombe mweusi amezaa.

Umeuliza kwa nini Bibi hachomwi tena ile sindano ya kiwiko, wakati ilimsaidia. Ilimsaidia kweli. Majirani walipokuja kutulimia, alininyang'anya mwiko akasonga ugali wa ulezi wa watu wote.

"Kaa pembeni, mwanafunzi," alinitania. "Ugali wako unanyweka."

Wanawake walicheka, nami pia. Natamani siku ile irudi.

Baada ya miezi michache maumivu yalirudi makali kuliko mwanzo, hata kufunga kanga kukamshinda. Mtaalamu wa mazoezi alitueleza kwamba watafiti wamewafuatilia wagonjwa kama yeye. Waliochomwa sindano walipata nafuu upesi, lakini baadaye wengi wao waliachwa nyuma na waliopumzisha mkono na kufanya mazoezi.

"Kwa hiyo ilinidanganya?" Bibi aliuliza.

"Ilikutuliza, mama, ukadhani umepona."

Bibi akaomba aonyeshwe hayo mazoezi.

Nafuu inakuja polepole, na siku nyingine bado anaitamani sindano. Lakini jana alinisuka nywele, kichwa kizima, wala hakuniambia nisubiri apumzike.

Bibi yako mdogo,
Nyangi