Waliozimwa Msimu wa Mvua

Ukunda,
Desemba 2013

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwanatumu,

Shikamoo mama. Natumai u mzima na ule mguu umepata nafuu. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila moyo hauna amani. Ninaandika kwa sababu kila nikipiga simu na kumtaja ndugu yangu Rai, unakata. Dada Esha, msomee mama polepole, na tafadhali usiruke neno.

Mama, unajua kazi yangu hapa hotelini Diani ni kuangalia kompyuta, lakini sijawahi kukueleza vizuri. Ndani ya ile kompyuta kubwa tumeunda nyingine isiyoshikika, inaitwa mashine pepe, nayo ndiyo inayopokea maombi ya vyumba. Ina prosesa zake, yaani zile sehemu zinazofanya hesabu, na mimi nikiwa kitini pangu naweza kuzizima na kuziwasha bila kuizima mashine yenyewe.

Wakati wa mvua, wageni walipoadimika, nilizima nusu ya prosesa kwa kujaribu tu. Mashine ikaendelea kama kawaida. Meneja wetu, Mzee Chande, yule aliyenishika mkono nikapata kazi hii, alifurahi kupita kiasi. Aliitisha mkutano akatangaza kwamba mimi, Boga, nimezima nusu na hoteli imeokoa umeme. Si kweli, mama. Prosesa hizo hazina chuma chake, zinaazima nguvu za ile kompyuta kubwa, nayo haikuzimwa. Ukizizima, umeme haupungui hata chembe. Nilijua. Lakini ulitulea kwamba mkubwa hakosolewi mbele za watu, nikainamisha kichwa, nikajiambia nitamfuata faragha. Hakunipa nafasi. Papo hapo alisema basi na watu tutazima nusu, hatumfukuzi mtu, wageni wakirudi tutawawasha. Kadzo wa jikoni alicheka akidhani mzee anafanya mzaha. Kisha majina yakasomwa, la ndugu yangu Rai likiwamo, pamoja na wenzake wa chumba cha kufulia nguo.

Nilimfuata mzee ofisini nikamweleza ukweli. Alinijibu kwamba nimechelewa, habari imeshawafikia wenye hoteli, naye hawezi kujiaibisha.

Sasa wageni wamefurika kwa sababu ya sikukuu za miaka hamsini ya uhuru. Niliambiwa niwashe prosesa, nikaandika amri, zikaamka zote. Watu wameitwa wachache tu, kwa kuwa wenye hoteli wameona nusu yatosha. Rai hakuitwa, na hapo ndipo maneno ya watu yalipokufikia, kwamba alifukuzwa kwa kuiba mashuka. Mama, Rai hakuiba hata kitambaa cha kupangusia meza. Nawe ukasema humpi radhi, na asikanyage uani kwako. Maneno hayo yalimfika.

Kuna jambo nimekuficha nikitumai litapita. Rai amelazwa hospitalini Msambweni kwa homa ya mapafu. Daktari anasema ugonjwa unatibika, lakini mgonjwa mwenyewe hataki. Amegeukia ukutani, hali chakula, na dawa anazitema. Nikimbembeleza ale, ananiuliza kama mama ameridhika naye. Leo ameniuliza kwa sauti ndogo mno hata nikalazimika kuinama. Nakaa kando ya kitanda chake na ujuzi wangu wote, na sijui nibonyeze wapi. Naogopa, mama. Naogopa sana.

Kosa la kunyamaza ni langu. Kama ni lazima mtoto mmoja akose radhi, ninyime mimi.

Barua hii anakuletea Mwanapili wa jirani, anayerudi nyumbani leo. Akishakukabidhi, nitapiga simu ya Esha. Usikate, mama. Sitakusemesha mimi, simu nitaiweka sikioni mwa Rai. Huna haja ya kusema mengi. Mwite tu jina lake, umwambie umemridhia.

Wape salamu zetu watoto wa Esha na wote wanaotuulizia, na utuombee dua sisi wawili, ukianza na mwenzangu.

Ni mimi mwanao,
Boga